Ukungu wa Tukuyu Umeingia Kwenye Kaseti

MASWALI NA MAJIBU

Barua za safari hii karibu zote zinahusu vitu vilivyolala juu ya makabati: kaseti, mikanda ya video, CD. Zinazofanana tumeziunganisha.

Shikamooni wataalamu. Marehemu baba ameacha boksi la kaseti kama arobaini: kwaya, harusi, mahubiri, na salamu alizokuwa akirekodi na kuwatumia ndugu waliokuwa Dar. Nyingi hazina maandishi. Baadhi zina unga mweupe ndani, na moja haizunguki kabisa. Redio kaseti yake bado ipo. Nianzie wapi?
*Msomaji, Tukuyu*

Marahaba, na pole kwa msiba. Usianze na kaseti, anza na redio. Redio iliyokaa miaka bila kazi ndiyo inayokula mkanda, na inakula kwa sababu moja inayojulikana. Mkanda unavutwa na ekseli nyembamba ya chuma ikisaidiwa na kigurudumu cha mpira kinachoubana. Ukishapita hapo unakunjwa na kizungushio cha kulia, ambacho kinategemea beliti. Beliti ikilegea, ekseli inaendelea kuvuta lakini upande wa kulia haukunji. Mkanda unajazana katikati, unajisokota kwenye kigurudumu, na ukifungua mlango unakuta tambi.

Kwa hiyo fungua mlango wa kaseti, usiweke kitu, bonyeza pale pa kupiga, kisha gusa kizungushio cha kulia kwa ncha ya kidole. Kinatakiwa kikusukume kidogo kabla ya kusimama. Kikisimama kwa mguso wa unyoya, mpelekee fundi abadilishe beliti. Akikuta beliti ya zamani imeyeyuka na kuwa kama lami, asiweke mpya juu ya uchafu huo. Pule zote zifutwe kwa spiriti kwanza, la sivyo beliti mpya itateleza ndani ya wiki.

Baada ya hapo chukua pamba ya masikio yenye spiriti kidogo, ufute hedi (kile kichwa kinachosoma mkanda) na ile ekseli mpaka pamba itoke nyeupe. Pamba za kwanza zitatoka na rangi ya kahawia. Hiyo ni kutu ya kaseti zilizopita. Kigurudumu cha mpira kifute kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa sababu spiriti nyingi inakausha mpira. Jaribu na kaseti usiyoijali, pande zote mbili, kabla ya kugusa ya mzee.

Sasa huo unga mweupe. Ni ukungu, na kwa mvua za Rungwe hakuna cha kushangaza. Kaseti zenye unga zitenge kwenye mfuko wake leo hii, maana chembe zake zinahamia kwenye kaseti zisizo na unga na kwenye hedi. Ziache zikauke siku kadhaa kwenye chumba kikavu chenye hewa. Usizianike juani, plastiki inajikunja na mkanda nao unajikunja. Zikishakauka, kazi ifanyike nje, umevaa barakoa, kwa sababu vumbi hilo halifai kifuani.

Kaseti yenye skrubu tano ndogo inafunguka kwa bisibisi ya saa. Ilaze mezani, upande wenye vichwa vya skrubu ukiwa juu, toa skrubu, kisha inua kifuniko taratibu bila kuigeuza. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote. Ndani utaona karatasi mbili laini za kutelezea, vigurudumu viwili pembeni, kibati kidogo, na kipande cha sufi juu ya chuma chembamba kinachoruka kama springi. Hicho kipande cha sufi ndicho kinachousukuma mkanda uguse hedi. Kikibanduka, sauti inakuwa ya mbali na kavu, na watu huilaumu redio bure. Chukua kingine kwenye kaseti isiyo na thamani. Usikigandishe kwa gundi ya papo kwa papo, itanywewa na sufi na kuwa ngumu kama jiwe.

Hamisha roli zote mbili kwenye ganda jipya kutoka kaseti nyingine ya skrubu. Halafu zungusha kwa penseli yenye pande sita, polepole, huku mkanda ukipita katikati ya kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Badilisha sehemu ya kitambaa kila mara. Spiriti usiipake kwenye mkanda. Ile kaseti isiyozunguka mara nyingi ina tatizo hilohilo, mizunguko imegandana kwa ukungu; usiilazimishe kwa nguvu ya mota. Kama ganda halina skrubu, limegandishwa kiwandani, pitisha wembe kwenye mstari wa maungio, kina kifupi sana.

Mkanda ukikatika, usitumie selotepu. Gundi yake inatoka pembeni baada ya miezi, inashika mzunguko wa jirani na kuchafua hedi. Tafuta utepe maalumu wa kuungia kaseti. Ncha mbili zikate pamoja kwa mshazari, zikutane bila kupandana, na utepe ubandikwe upande wa nyuma, ule unaotazama ndani ya kaseti, si ule unaogusa hedi. Upana wa mkanda ni milimita 3.81 tu, basi punguza kingo kwa wembe.

Angalia pia namba ya dakika iliyoandikwa kwenye kaseti. C60 ina mkanda wa unene wa mikroni 18 hivi, C90 ni 12, C120 ni 9. Za C120 usizipeleke mbele na nyuma kwa kasi. Zipige mara moja tu, ukiwa unarekodi. Kabla ya lolote, vunja vile vijino viwili vya plastiki nyuma ya kaseti. Vikiwa vimevunjwa redio haiwezi kurekodi juu yake, na mjukuu atakayebonyeza kitufe chekundu hataharibu sauti ya babu yake.

Nimeunganisha redio kaseti na simu kwa waya wa hedifoni, lakini sauti inatoka upande mmoja, ina mkwaruzo, na nikimtumia dada WhatsApp inakuwa mbaya zaidi. Kosa ni nini?
*Msomaji, Uyole, Mbeya*

Makosa matatu tofauti, ndugu.

Tundu la simu linapokea maikrofoni, na maikrofoni ya simu ni chaneli moja yenye nguvu ndogo mno. Sauti ya redio ni kubwa kwake, ndiyo maana inakwaruza. Tumia laptopu na kadi ya sauti ya USB iliyoandikwa LINE IN. Ikiwa imeandikwa alama ya maikrofoni peke yake, hujasogea hatua. Kwenye deki toa sauti LINE OUT. Kama ni redio ya kubeba yenye tundu la hedifoni tu, sauti yake iwe theluthi moja hivi, na vitufe vya besi na triblu viwe katikati.

Kabla ya kurekodi, rekebisha mlalo wa hedi. Kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi, mara nyingi yenye springi chini yake, na redio nyingi zina kitundu cha kuifikia wakati kaseti inapiga. Weka alama ya ilipo sasa. Izungushe kidogo sana, chini ya robo mzunguko, huku ukisikiliza herufi "s" za mwimbaji. Kuna mahali zitachomoza ghafla, kama mtu ameondoa blanketi juu ya spika. Hapo ndipo mahali pa kaseti hiyo. Kaseti iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine itataka mahali pengine. Watu wengi hukimbilia kuongeza triblu kwenye kompyuta, wakati sauti waliyoikosa bado iko kwenye mkanda.

Kwenye Audacity, ambayo ni programu ya bure ya kurekodi, chagua stirio, hezi 44,100, biti 16. Vilele vya sauti viishie karibu na desibeli 6 chini ya sifuri. Kikigusa nyekundu, kilichokatwa hakirudi. Kitufe cha Dolby, kile cha kupunguza mshindo wa mkanda, kiwashe tu kama kaseti ilirekodiwa nacho, na kaseti za nyumbani mara nyingi hazikurekodiwa nacho.

Hifadhi kwanza kama WAV, bila kusafisha chochote. Dakika moja ni kama MB 10, kwa hiyo C90 nzima ni karibu GB 1. Ukibana kwa FLAC inashuka hadi karibu nusu bila kupoteza kitu. Mshindo wa "shhh" usafishe kwenye nakala: chagua sekunde mbili tatu ambazo hakuna anayeongea, uipe programu iusome, kisha upunguze desibeli 6 hadi 12. Ukizidisha, wanakwaya watasikika kama wanaimba ndani ya pipa la maji.

Dada umtumie MP3, lakini kama waraka, si kama sauti. Ukirekodi ujumbe wa sauti mbele ya spika, WhatsApp inaibana kwa ajili ya maongezi na muziki unakufa. Ikipelekwa kama waraka, inafika ilivyo.

Kaseti zangu zinakimbia, waimbaji wana sauti za watoto. Fundi amepunguza mota, sasa zile zilizokuwa sawa zinakwenda polepole. Kasi sahihi inajulikanaje?
*Msomaji, Kihesa, Iringa*

Fundi alitibu mgonjwa asiye mgonjwa. Kasi ya kaseti ni sentimita 4.76 kwa sekunde, na pengine redio yako ilikuwa nayo. Iliyokosea ni ile iliyorekodi. Redio yenye betri zilizochoka inazunguka polepole wakati wa kurekodi, na ukija kupiga kwa umeme mzuri, yote yanakimbia. Mrudishie mota kasi yake (kuna kitundu nyuma ya mota, ndani yake kidude cha kuzungusha kwa bisibisi) kwa kutumia kaseti ya kiwandani, halafu zile zenye kasoro uzirekebishe kwenye kompyuta.

Kipimo kimo ndani ya rekodi yenyewe. Kama ilirekodiwa redio ikiwa imechomekwa ukutani au karibu na vipaza sauti vya umeme, kuna mngurumo wa chini ambao ni umeme wetu wa hezi 50. Chagua sehemu ya kimya, fungua mchoro wa masafa kwenye Audacity, utaona kilele. Kikisoma 53, rekodi inakimbia kwa asilimia 6. Gawanya 50 kwa 53, unapata 0.943, hivyo unapunguza kasi kwa asilimia 5.7. Tumia chaguo linalobadili kasi na kimo cha sauti kwa pamoja, si lile la tempo peke yake.

Mzee aliyekuwa akirekodi taarifa za BBC anaweza kuwa amekuachia kipimo kizuri zaidi bila kujua. Zile "pi, pi, pi" za saa kamili, tano fupi na moja ndefu, ni hezi 1,000. Pima zinasoma ngapi, umemaliza kazi.

Rekodi ya kijijini kwa betri, nyimbo za asili bila kinanda, haina mngurumo wala pi. Hapo mwite mtu aliyewajua waimbaji asikilize.

Nina mkanda wa video wa harusi ya wazazi. Deki inawaka, inauvuta, inautema. Ikikubali, picha ina mistari. Kuna mtu anasema asugue hedi kwa pamba.
*Msomaji, Mafinga*

Mwambie asisugue. Hedi za deki ya video ni vipande vidogo mno vilivyo kwenye ngoma inayozunguka mara 25 kwa sekunde, na nyuzi za pamba zinavinasa na kuvivunja. Inayotakiwa ni ngozi laini au karatasi safi iliyoloweshwa spiriti, ishikwe imetulia kwenye ngoma, halafu ngoma ndiyo izungushwe kwa mkono, taratibu. Kamwe usipandishe na kushusha. Acha ikauke kabisa.

Kutema kuna sababu mbili za kuangalia kwanza. Kwa baridi ya Mafinga ya Juni na Julai, deki ikitoka stoo na kuingia sebuleni penye jiko, ngoma inapata umande, na mashine nyingi zina kihisio kinachokataa kazi. Iache saa mbili. Pili, tazama mkanda kupitia kidirisha chake: ukiona weupe kwenye kingo za roli, ni ukungu. Usiurudishe tena ndani. Mkanda mmoja wenye ukungu unaambukiza deki, na deki inaambukiza mingine yote.

Mistari ikibaki chini au juu ya picha, zungusha trakingi polepole kwa dakika nzima kabla ya kukata tamaa. Kunakili, tumia kifaa cha USB chenye nyaya tatu, njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti, na kwenye programu chagua PAL, mfumo wa picha wa mikanda yetu, 720 kwa 576, fremu 25. Watu husahau PAL, picha inatoka nyeusi na nyeupe, wanadhani mkanda umekwisha. Kwa kilobiti 5,000 kwa sekunde, saa moja ni GB 2.25. Sauti ikianza kuachana na midomo baada ya dakika kumi, mkanda unayumba na kompyuta inadondosha fremu. Pitisha nyaya kwenye DVD rekoda kwanza kisha kwenye USB, inasaidia kutuliza.

Usiahirishe mpaka mwakani. Funai ya Japani, iliyokuwa inajulikana kama ya mwisho kutengeneza deki hizi, iliacha mwaka 2016. Kila deki unayoiona sasa ni ya zamani, na vipuri vinatoka kwenye deki nyingine iliyokufa.

TV ya chogo ina faida yoyote bado?
*Msomaji, Makambako*

Ipo. Mitambo ya analojia Dar es Salaam ilizimwa 31 Desemba 2012 na Mbeya ikafuata mwaka 2013, lakini king'amuzi chenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu kinaihudumia bila shida. Na mkanda wa video unaonekana vizuri zaidi kwenye chogo kuliko kwenye TV bapa, ambayo inakuza kila mchubuko. Usifungue kisogo chake kama si fundi. Umeme wa ndani unabaki hata baada ya kuchomoa.

CD nilizochomewa za MP3 hazisomi, ila za kiwandani za umri uleule zinasoma.
*Msomaji, Tunduma*

Za kiwandani zimegongwa mashimo. Za kuchoma zimeandikwa kwenye rangi, na rangi inafifia kwa mwanga na joto, hasa zile zilizokaa kwenye dashibodi. Jaribu kwenye CD ya kompyuta badala ya redio, maana inajirudia mara nyingi inaposhindwa. Kwenye Linux programu ya ddrescue inakusanya kinachosomeka. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Kisha inua CD mbele ya taa: ukiona vitundu vinapitisha mwanga, upande wa maandishi umechubuka na pale hakuna kitu tena. Dawa ya meno haiwezi kurudisha kilichobanduka.

Kwaya yetu ilitoa kaseti mwaka 2004. Vijana wanataka iwe Boomplay na Spotify. Msambazaji wa Kariakoo alituuzia kwa mkupuo mmoja. Tunaruhusiwa? Na tukiruhusiwa, tunapelekaje?
*Katibu wa kwaya, Njombe*

Katibu, itafute karatasi kwanza. Katika Sheria ya Hakimiliki ya 1999, mtunzi wa wimbo, mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi kila mmoja ana haki yake. Mkupuo mliopewa enzi zile ulinunua nini hasa? Kama mkataba unasema nakala kadhaa za kaseti, msambazaji hamiliki rekodi. Kama unasema mliuza "masta", yaani rekodi mama, mwenye haki za rekodi huenda ni yeye, hata kama sauti ni zenu, na mtamwandikia. Kama hakuna karatasi, nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkiwa na kaseti yenyewe, risiti ya studio na majina ya watunzi. Mtunzi aliyehama kwaya bado ni mtunzi, apate kusaini.

Chanzo cha sauti: ulizeni studio kama CD ya masta bado ipo. Kaseti iwe chaguo la mwisho, na muichague ile iliyopigwa mara chache, si ile pendwa. Mfuate maelezo tuliyompa msomaji wa Uyole, WAV ya biti 16, hezi 44,100.

Jalada litawasumbua kuliko mnavyofikiri. Linatakiwa liwe mraba, pikseli 3,000 kwa 3,000, na uso wa karatasi ya kaseti una upana wa sentimita 6.5 tu. Likaskaniwe kwa nukta 1,200 kwa inchi, hapo upana unafika 3,000. Urefu ukizidi, msilivute wala kulibonyeza. Ongezeni rangi ya jalada pembeni. Ondoeni namba za simu za zamani na bei, wasambazaji hukataa majalada ya namna hiyo.

Spotify, iliyoingia Tanzania mwaka 2021, haipokei nyimbo moja kwa moja kutoka kwa kwaya. Mnapitia msambazaji wa kidijitali. Kila wimbo utapata namba yake ya ISRC, herufi na tarakimu 12, na albamu itapata namba yake ya UPC. Zihifadhini kwenye daftari la kwaya, kwa sababu mkihama msambazaji mnazihitaji ili hesabu za wasikilizaji zisianze upya. Muulizeni maswali mawili kabla ya kusaini: mnakata asilimia ngapi, na tukiacha kulipa ada ya mwaka nyimbo zinaondolewa? Jina la kwaya liandikwe kwa namna moja kila mahali. "Kwaya ya Vijana" tupu itawachanganya na kwaya mia nyingine.

Kuhusu fedha, msiahidiane paa la kanisa. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12. YouTube kwa mapato ya matangazo inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka. Wanaouza "wasikilizaji" wakwepeni. Nyimbo zikishukiwa zinaondolewa, na adhabu ni yenu.

Zamani nilinunua kaseti Mwanjelwa, ikawa yangu. Sasa nalipia mwezi, na wimbo nilioupakua umepotea. Ninamiliki nini?
*Msomaji, Mbeya Mjini*

Kwenye huduma za kulipia kwa mwezi, unamiliki ruhusa ya kusikiliza tu. Wimbo "uliopakuliwa" umefungwa kwa ufunguo wa programu: usajili ukiisha hausikiki, na Spotify inataka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30. Mwenye wimbo akiuondoa, na wewe umeondolewa.

Ukitaka faili la kwako, tovuti ya Mdundo inatoa MP3 za kupakua, zikiwa na tangazo mwanzoni, na wasanii wengine huuza faili wenyewe. Kibanda cha kukujazia nyimbo kwenye memori kadi kitakupa mia kwa bei ya soda, lakini aliyeimba hapati hata senti, na majina yatakuja "Track 01" hadi "Track 100".

Faili likishakuwa lako, liweke mahali pawili, kimoja kikiwa nje ya nyumba. Flashi ya GB 512 inayouzwa kwa bei ya chee ipime kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini. Nyingi zina GB 16 za kweli, na zikijaa zinaandika juu ya mafaili ya mwanzo bila kukuambia.